Aamuaye Siye Alipaye: Kompyuta, Safari na Programu Huria Mitaani Eastlands

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya bure vya usalama kwa Windows 10. Kesho yake saiba za Umoja, Kayole na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, zilifunguliwa kama kawaida. Mashine ziliwaka, printa zikatema karatasi, wateja wakachapisha CV na kwenda zao. Hakuna kilichozimika, na hapo ndipo ubishi ulipopata nguvu: kitu kinachofanya kazi kinasasishwa cha nini?

Ubishi huo una wenzake wawili. Mmoja ni wa faragha ya msafiri: makanga, soja wa langoni, afisa wa mpakani na ubalozi wana haki ya kujua nini kumhusu mtu anayepita tu? Mwingine ni wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa: kama Windows imetuchosha, mbona tusihame? Kwa kawaida kila swali lina wenyewe. La kusasisha ni la mafundi, la faragha ni la mawakili, la programu huria ni la vijana waliosomea kompyuta chuoni. Eastlands yote matatu hukutana kwenye mashine moja ya saiba, na ukiyasoma pamoja unaona yanasumbuliwa na jambo lilelile: anayeamua siye anayelipa.

Mashine iliyokataliwa

Kompyuta nyingi za saiba mitaani ni mtumba. Zilianza kazi katika ofisi za Ulaya, zikatolewa baada ya miaka michache, zikaingia Nairobi na kuuzwa katika maduka ya mjini kwa sifa ya "ex-UK". Ni mashine ngumu. Ukiiongezea RAM na kuiwekea SSD badala ya diski ya zamani, Dell OptiPlex ya miaka kumi bado inaskani, inachapisha na kufungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, bila kulalamika. Shida ni kwamba Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Prosesa ya kizazi cha nne haifiki hapo. Njia za panya zipo na mafundi wanazijua, lakini Microsoft haiahidi kuihudumia mashine iliyopitishwa huko. Kwa hiyo mwenye saiba anayelaumiwa kwa kutosasisha mara nyingi hajakataa. Mashine yake ndiyo iliyokataliwa.

Wanaotetea sasisho wana ushahidi mzito. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi nyingi na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikiwamo. Kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi; walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Wanaopinga nao wana siku yao. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na abiria wakakwama katika viwanja vya ndege. Safari hii walioumia ni watiifu. Hata hivyo ukipima, mizani haiko sawa. Kosa la CrowdStrike lilijulikana palepale na dawa yake ikatoka siku hiyohiyo. Mashine isiyo na kiraka hukaa wazi miezi na mwenyewe asijue. Kwa hoja ya usalama peke yake, anayesema "sasisha" ameshinda.

Ila mtaani watu hupiga hesabu zaidi ya moja. Mwenye simu ya bei nafuu yenye GB 32 anajua kwamba sasisho la GB mbili litamaliza bando la wiki, kisha lidai nafasi iliyojaa picha za watoto na video za harusi. Akijikaza kulipokea, huenda akakuta modeli yake imeshaachwa na mtengenezaji na hakuna cha kupokea. Tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haihudumii tena simu za Android 4.4. Kampuni iliondokewa na mzigo wa kutunza toleo la zamani. Mama mboga anayepokea oda kwa WhatsApp akatafuta pesa ya simu nyingine.

Kuna pia simu ambayo anayeishika hajaimiliki kikamilifu. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo, simu za 4G za kulipia kuanzia shilingi 20 kwa siku, na M-Kopa nayo huuza simu kwa mtindo huohuo. Ukichelewesha malipo, simu hufungwa kutoka mbali. Mpango huu umewafikishia intaneti watu ambao wasingeweza kutoa bei nzima kwa mkupuo, na hilo ni la kusifiwa. Lakini umewaonyesha pia kwamba amri ya mwisho juu ya simu iliyo mfukoni mwao iko katika ofisi ambayo hawajawahi kuiona.

Kwamba mabadiliko makubwa yanaweza kufanyika bila kumtwisha mteja, tunalo shahidi letu wenyewe. Aprili 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya. Mfumo wote ulibadilishwa chini kwa chini, na mwenye simu ya kabambe hakununua kitu. Aliamka na PIN ileile, akatuma pesa kwa simu ileile. Aliyeamua ndiye aliyelipa.

Microsoft ilichagua njia nyingine. Ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa atakayeunganisha mashine na akaunti ya Microsoft, kisha akalipa dola 30, au akahifadhi mipangilio yake kwenye seva zao, au akatoa pointi za kutosha za mpango wao wa zawadi. Watumiaji wa Ulaya walilegezewa masharti hayo baada ya watetezi wa wateja kuja juu. Kayole haikuwa na mtetezi mezani.

Safari huanzia saiba

Ushauri wa faragha kwa wasafiri huanzia uwanja wa ndege: tumia VPN, usiiamini Wi-Fi ya hoteli, funga simu kwa nywila ndefu. Kwa mkazi wa Eastlands safari huanza mapema zaidi, siku anayoomba pasipoti. Maombi ni ya eCitizen na alama za vidole zitachukuliwa baadaye, Nyayo House au kwingine, lakini kazi yenyewe hufanyiwa saiba. Kitambulisho kinaskaniwa mbele na nyuma. Kinafuata cheti cha kuzaliwa, kisha vitambulisho vya wazazi na cha anayempendekeza. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi nywila. Kijana wa kaunta anabonyeza ndiyo ili foleni isogee. Aliyesahau nywila anatengenezewa mpya, na nakala yake inabaki kwenye daftari la saiba, kwa nia njema kabisa, maana mteja huyo atarudi Juni kufaili ritani za KRA. Kufikia jioni folda ya Downloads ina vitambulisho vya watu wa mtaa mzima, ndani ya mashine ambayo haipati viraka tena.

Wizi ukitokea hapo hautakuwa na kelele. Mtu atabonyeza *106# na kukuta laini asiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chake, au atapigiwa simu kuhusu mkopo ambao hakuuchukua. Hatajua kamwe kwamba ulianzia kwenye ombi la pasipoti.

Siku ya safari yenyewe ina mitego yake. Kwenye matatu ya Buruburu au Kayole makanga anataja nambari, abiria wanatuma nauli, na ujumbe wa kupokea pesa kwa miaka mingi umekuwa ukimpa jina na nambari ya aliyetuma. Wasichana wengi wanaijua ile "niaje mrembo" ya saa nne usiku kutoka kwa mtu waliyemlipa shilingi hamsini. Nambari ya till ya gari ingewakinga zaidi, ila hapo pesa huenda moja kwa moja kwa mwenye gari, na makanga ana mahesabu yake. Mwaka 2014 serikali ilijaribu kulazimisha kadi za nauli, na mpango huo ukafia njiani. Ukishuka mjini, soja wa jengo anakusukumia daftari: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakwenda kwa nani. Wote waliotangulia unawasoma wakati unatafuta kalamu.

Sheria ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data imeanza kuuma. Septemba 2023 ilitoza klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa, na kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu kuwatumia vitisho. Daftari la soja bado liko wazi mezani.

Mpakani mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu kila nchi ina sheria zake na ushauri wa jumla unaweza kumponza mtu. Mfanyabiashara wa Gikomba anayevuka Namanga anaingia Tanzania, nchi iliyofunga X Mei 2025, na ambayo mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, ilitaka mnamo Oktoba 2023 watumiaji wa VPN wajitambulishe. Akipitia Busia, anaingia Uganda iliyofunga Facebook Januari 2021. VPN ambayo kwingine ni kinga, mahali pengine ni jambo la kujieleza. Anayekwenda kusoma Marekani naye aliambiwa mnamo Juni 2025 aziweke wazi akaunti zake za mitandao ya kijamii ili maafisa wa viza wazisome. Na nyumbani hatuna usafi wa kujivunia: mwishoni mwa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 wasafiri waingiao Kenya waandikishe nambari za IMEI za simu zao kwa forodha. Katiba Institute ilikwenda mahakamani, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikautupa mpango huo kwa kuvunja haki ya faragha.

Katika mjadala huu hakosekani wa kusema, "Mimi sina la kuficha." Jibu la Eastlands liko katika historia yake. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na karatasi yenye alama za vidole na rekodi yake ya kazi, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Bila hiyo hakuwa na ruhusa ya kusafiri wala kubadilisha mwajiri. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi la Waingereza lilizingira Nairobi na kuipekua mitaa ya Waafrika ya mashariki mwa jiji, na maelfu kwa maelfu wakachujwa kwa karatasi zao na kupelekwa kizuizini. Wengi wa waliochukuliwa hawakuwa na la kuficha. Kilichowaponza ni jinsi rekodi zao zilivyosomwa na mtu mwingine, kwa lengo ambalo halikuwapo zilipoandikwa. Ndiyo sababu wasiwasi juu ya Huduma Namba, mfumo wa kitaifa wa utambulisho, haukuwa wa wapinga maendeleo. Mahakama Kuu yenyewe, Oktoba 2021, ilisema kadi zake zilianza kutolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza.

Bei ya cha bure

Wahubiri wa programu huria huja na hoja ya bei: Linux ni bure. Mtaani hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu Windows nayo ni bure. Fundi huja na fleshi, anaiweka pamoja na Office, anaiamsha kwa kraki, analipwa ufundi wake na kuondoka. Linux haishindani na Windows ya dukani. Inashindana na Windows ya kraki, na bei ya zote mbili ni kazi ya saa moja. Tofauti ni kwamba kraki ni programu ya mtu usiyemjua, ambayo mara nyingi hukutaka uzime kinga za mashine kabla haijafanya kazi. Rahisi ghali, hasa ikiwa mashine ndiyo ileile yenye vitambulisho vya watu.

Mkanganyiko kama huo uko kwenye GB WhatsApp. Inapendwa kwa sababu humwezesha mtu kujificha asionekane yuko mtandaoni na kusoma ujumbe uliofutwa, na wapo wanaoidhania kuwa programu huria kwa kuwa haiuzwi. Siyo. Ni WhatsApp iliyochezewa, msimbo wake haukaguliki, na WhatsApp yenyewe hufungia akaunti zinazoitumia. Anayeitumia kulinda faragha yake amemkabidhi jumbe zake mtu asiyejulikana hata jina.

Linux yenyewe ni nzuri kiasi gani? Kwa OptiPlex iliyokataliwa na Windows 11, ni nzuri sana. Linux Mint hukaa humo vizuri, na kila toleo kuu hupata viraka kwa takriban miaka mitano. Kivinjari ni kilekile, na eCitizen haijali kilicho chini yake. Panapokwaruza panajulikana. CV iliyopangwa kwa Word inaruka mistari ikifunguliwa kwa LibreOffice. Fomu ya kodi ya Excel yenye makro inaweza kugoma. Printa fulani haina draiva. Kijana wa kaunta akipata kazi kwingine, anayemrithi hajawahi kuuona mfumo huo. Hizi ndizo gharama za kweli, na anayehubiri Linux kwa kawaida hayupo siku printa inapokwama mteja akisubiri barua ya kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wala uwazi wa msimbo si kinga peke yake. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Alipochimba akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu ndogo huria inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Wapenzi wa programu huria husema uwazi ndio uliouokoa ulimwengu siku hiyo, na ni kweli. Wapinzani husema kazi hiyo ilikuwa imeachiwa karibu mtu mmoja, mjitoleaji aliyechoka, na hilo pia ni kweli. Msimbo ulio wazi unahitaji mtu anayelipwa kuutazama.

Historia ya Afrika Mashariki inasema hivyohivyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, lakini leo huikuti saiba. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi kukusanya taarifa za matukio, na programu hiyo huria ikaenda kutumika duniani kote kwa sababu palikuwa na shirika la kuitunza. Mwaka 2011 Wizara za Afya za Kenya zilieneza nchini DHIS2, mfumo huria uliozaliwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na hadi leo takwimu za vituo vya afya hupitia humo. Kilichoudumisha si kuwa bure. Umedumu kwa sababu watu walifundishwa kuutumia na kuutengeneza.

Mfano ulio karibu zaidi na Jogoo Road ni Digital Matatus. Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka Marekani waliwapandisha wanafunzi matatu, simu mkononi, wakarekodi vituo na njia, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya zaidi ya njia 130 ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Angalia walichokiacha wazi na walichokiacha nje. Njia iko wazi, abiria hayumo. Hapo hoja ya programu huria na ile ya faragha zinakuwa hoja moja: mfumo unaotumiwa na wote uonekane, na mtu anayeutumia asionekane. Maisha yetu ya kila siku yamepinduliwa. Abiria anatoa jina, nambari na kitambulisho kila mahali, huku mifumo inayozipokea ikibaki fumbo.

Mzigo uende wapi

Kinachohitajika saiba si mapinduzi. Mashine moja yenye uwezo wa Windows 11 inatosha kwa Word ngumu na fomu za makro. Zilizobaki zinaweza kuvaa Linux Mint na kufunguliwa kwa kikao cha mgeni, kile kinachojifuta mteja akitoka. Downloads isafishwe kila jioni, na daftari la nywila lichomwe. Mteja naye abadilishe nywila akifika nyumbani. Hayo yote ni kazi ya saa chache, na mwenye saiba atayafanya akiona wateja wanayauliza.

Lakini si haki mzigo huo uishie kaunta. Serikali ilipotangaza mwaka 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen, ilifanya sasisho kubwa kuliko yote tuliyoyataja, na haikununua kompyuta hata moja ya Kayole. Iliziachia saiba kazi iliyokuwa ya madirisha ya ofisi zake, na siri za wananchi zikaenda nazo. Kama saiba sasa ni dirisha la serikali, basi itendewe hivyo. Fomu za umma zisitegemee programu ya kampuni moja. Kamishna wa Data atoe mwongozo mfupi wa Kiswahili kwa wenye saiba kabla ya kuwafikiria faini. Pesa kidogo za mafunzo ya kidijitali ziwafikie vijana wa kaunta, kama zilivyowafikia makarani wa afya wakati wa DHIS2.

Hadi hapo mwananchi ana kipimo kinachofaa kwa mabishano yote matatu. Anayekwambia sasisha, toa nambari yako au hamia Linux, muulize: ikiharibika, nani atakuja kutengeneza, na kwa pesa ya nani? Mwenye jibu anastahili kusikilizwa. Asiye nalo amekupangia matumizi ya pesa yako.